Mwaka Tuliopimiwa Watoto

Daktari aliyekuja Tororo kupima akili za watoto wetu alikuwa hajui kufunga chandarua chake mwenyewe. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba dharau yangu imekuja na uzee, au kwamba ni ule ulimi mrefu tulioupata sote baada ya Uhuru. Nilimdharau tangu wiki ya kwanza, nikiwa binti wa miaka kumi na tisa, huku nikimwita "bwana" kila nilipofungua mdomo.

Alikuwa mtu mrefu, shingo imeiva kwa jua, mwenye sauti ya upole ambayo hakuitumia kuwasikiliza watu. Alikuja na masanduku ya mbao, vitabu vyeusi vya kuandikia, futi ya kitambaa kama ya fundi cherehani, na saa ya mkononi ambayo ukiibonyeza inasimama. Alikuwa ametumwa na chuo fulani cha kwao kuwatafuta watoto wazito wa akili katika vijiji vya mpakani, awapime, aandike. Hayo ndiyo aliyotueleza. Alipoulizwa na mganga mkuu wa zahanati atawatibu vipi, alitabasamu kama mtu aliyeulizwa na mtoto kwa nini mbingu haianguki.

Mimi nilikuwa nafanya kazi katika zahanati hiyo, kazi ya kuchemsha sindano na kuwaonyesha wagonjwa pa kukaa. Baba yangu alikuwa Mwislamu wa mjini, mwenye malori mawili ya kubeba pamba na bidhaa kati ya Busia na Tororo, mtu ambaye ukimwuliza asili yake anakutajia miji mitano na hujui uamini upi. Mama alikuwa Msamia wa Lunyo, alisilimu ili aolewe. Kiswahili nilikipata kwa baba, Kisamia kwa mama, Kidhopadhola nilikiokota sokoni. Kiingereza nilifundishwa na watawa, kwa sababu baba alitaka mtu wa kumsomea barua za vibali. "Karani wa kukodi atanidanganya," alisema. "Mwanangu akinidanganya, najua pa kumpata."

Kwa hiyo daktari aliponiazima kutoka zahanati niwe mkalimani wake, kila mtu nyumbani alifurahi. Baba alininunulia viatu vya ngozi. Mama alinishonea gauni la mikono mirefu. Hakuna aliyesema lile ambalo sote tulilijua, kwamba mtoto wa aina aliyokuja kumtafuta yule Mzungu alikuwa ndani ya nyumba yetu.

Alikuwa mdogo wangu wa kike, mtoto wa pili wa mama, na mwaka ule alikuwa na miaka kama kumi. Alizaliwa shingo laini, macho yamepanda kidogo pembeni, ulimi hautulii kinywani. Alianza kutembea akiwa na miaka minne. Maneno alikuwa nayo machache: maji, mama, bado, na neno moja la kwake mwenyewe alilolitumia kwa kila kitu kilichompendeza. Mama alimpeleka kwa maalimu akanyweshwa kombe la aya mpaka akatapika wino. Kisha alimpeleka kwa mganga upande wa Samia, akachanjwa kifuani. Hakuna kilichobadilika ila kifua chake, kilichobaki na makovu. Basi mama akachoka, na baba akatoa uamuzi wake. Wageni wakija, mtoto aingizwe stoo, kule nyuma, mlango urudishwe.

"Simfichi," baba alikuwa akisema. "Namhifadhi. Watu wana macho mabaya."

Baba alikuwa hodari wa maneno ya namna hiyo. Angeweza kuliita jeneza kitanda cha kupumzikia. Na mimi niliyesomeshwa na watawa, niliyejua kusoma Kiingereza, niliurudisha mlango ule kwa mkono wangu zaidi ya yeyote, kwa sababu marafiki zangu ndio waliokuja mara nyingi.

Kazi ilianza. Tulikuwa tunakwenda kwa gari la daktari hadi makao ya gombolola, yaani ofisi za utawala wa eneo, na chifu wa mahali alikuwa ameshapiga mbiu. Wale machifu! Mzungu aliwaomba watangaze kwamba kuna mtafiti anayetaka kuwaona watoto wasiokua sawasawa. Wao wakatangaza kwamba kuna daktari anagawa dawa ya mabubu na viwete. Sijui kama ni uvivu wa kufikiri au ni kutaka kuonekana watu wao ni watiifu. Matokeo yake wanawake walikuja kutoka mbali, alfajiri, mtoto mkubwa wa miaka minane au tisa amefungwa mgongoni kwa kanga, miguu yake inaning'inia karibu na magoti ya mama. Walipofika walikaa kwenye jua kali wakingoja. Daktari alikuwa anapiga mswaki.

Aliwapima vichwa kwa futi yake. Aliwapima urefu, upana wa mabega, umbali wa jicho hadi jicho. Kisha alifungua sanduku la mbao lenye matundu ya mviringo, ya mraba na ya pembe tatu, akampa mtoto vibao avitie kila kimoja katika tundu lake, huku saa inahesabu. Mwisho alitoa picha. Nazikumbuka zile picha kuliko ninavyokumbuka sura yake. Ilikuwepo ya mtu anateleza juu ya barafu. Ilikuwepo ya nyumba yenye dohani. Ilikuwepo ya mwanamke mwenye kofia, ameshika kamba, na upande wa pili wa kamba kuna mbwa amefungwa shingoni.

"Mwulize," daktari aliniambia, "mwulize anaona nini hapa."

Huko Lunyo mtoto mmoja mwenye mkono uliopinda aliitazama picha ya mbwa kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa Kisamia, polepole, maneno yakimtoka kwa shida kama mtu anayevuka matope, "Mbwa huyu ameiba nini?"

Nilimfasiria daktari. Niliona ni swali la mtu mwenye akili timamu, maana kwetu mbwa hafungwi kamba ila amekula kuku wa watu. Daktari aliandika kwamba mtoto hakujibu.

Baada ya watoto ilikuwa zamu ya mama zao. Maswali yalikuwa yameandikwa tayari, hayapungui wala hayaongezeki. Ulipokuwa mjamzito ulikunywa pombe? Baba wa mtoto ni ndugu yako wa damu? Mtoto huyu ulimtaka? Fikiria unamwuliza hivyo mwanamke aliyetembea tangu usiku, amembeba mtoto ambaye angeweza kumwacha kichakani na hakuna ambaye angemshtaki. Mimi niliuliza. Nilijifunza kuuliza nikitazama karatasi, ili nisione nyuso.

Na wao walikuwa na swali moja tu. "Dawa iko wapi?"

"Mwambie baadaye," daktari alisema kila mara.

Nikawaambia baadaye. Kwa Kisamia, kwa Kidhopadhola, kwa Kiswahili cha sokoni, niliwaambia baadaye, baadaye. Wengine walinishukuru.

Siku hiyo hiyo ya Lunyo ndiyo iliyonivua nguo. Katika foleni alikuwepo mama yangu mdogo, ndugu wa tumbo moja na mama, amemsindikiza jirani yake. Aliponiona nimekaa kando ya Mzungu na viatu vyangu vya ngozi, alifurahi kweli, akaja kunishika mikono. Kisha akaniuliza kwa sauti ya watu wasio na la kuficha, "Na yule mdogo wako ameshapimwa? Yeye mmempa dawa gani?"

Daktari aliinua kichwa. "Anasema nini?"

"Anauliza kama mvua itanyesha, bwana," nilisema.

Mama mdogo hakujua Kiingereza, lakini uso aliujua. Aliniachia mikono. Alirudi akakaa karibu na jirani yake na hakunitazama tena mpaka tulipoondoka. Njiani daktari aliniambia kwamba watu wa kule ni wakarimu lakini hawana fikra za mbele, wanawaza mvua tu. Nikajibu, "Ndiyo, bwana." Tangu siku ile, kila nilipomdharau, ilinibidi nijidharau pia.

Paya tulikwenda msimu wa kuvuna wimbi. Ndipo nilipokutana na yule mama.

Alikuwa mjane, Mkristo, mkulima mwenye viganja vipana, Kiswahili chake kile cha magulio kisichojali ngeli. Alikuja na binti yake wa miaka kumi na minne hivi. Binti alitembea kwa kuchechemea, mate yakimtiririka kidevuni, na kila baada ya hatua chache alisimama, akaangalia chini kana kwamba ameona kitu, kisha akaendelea. Mama hakumvuta. Alisimama naye kila aliposimama. Foleni nzima iliwangoja wao wawili wafike, na mama hakuomba radhi kwa yeyote.

Daktari alimpima kichwa binti. Akampa vibao. Binti akavichukua kimoja kimoja, akavinusa, akavilaza mapajani mwake juu ya nguo kama mayai. Daktari akabonyeza saa. Alinitamkia maneno ya kuandika katika fomu, na neno la mwisho lilikuwa kwamba mtoto huyu hafundishiki.

"Wewe naandika nini?" mama aliniuliza.

Hapo kwa kawaida ningejibu kwamba naandika jina na kijiji. Sijui ni nini kilichonishika. Labda ni jinsi alivyosimama na mwanawe njiani. Nilimwambia kweli. "Anasema mtoto huyu hawezi kufundishwa kitu."

Yule mama alicheka, kicheko kizima cha tumboni, mpaka wanawake wengine wakageuka.

"Kumbe," alisema. "Ngoja."

Nyumba yake haikuwa mbali. Alikwenda, akarudi na ungo na kikapu cha wimbi lililopurwa, bado lina makapi na mchanga wa uwanjani. Aliuweka ungo mikononi mwa binti, akamgusa kiwiko mara moja tu. Binti akaanza kupepeta. Nimewaona wanawake wengi wakipepeta, na mimi mwenyewe sijawahi kuwa mzuri, mama yangu alikuwa akininyang'anya ungo. Lakini yule binti alikuwa fundi. Makapi yaliruka na upepo, wimbi likarudi kwenye ungo kwa mpigo mmoja, mchanga ukajikusanya peke yake ukingoni. Alipomaliza, wimbi lilikuwa safi unaweza kulitia jiweni ulisage. Mate yalikuwa bado yanamtiririka kidevuni. Hakuna hata tone lililoingia katika ungo, maana alikuwa amegeuza shingo pembeni, na hilo pia lazima mtu alimfundisha.

Mama aliujaza ungo tena, akamnyoshea daktari.

"Sasa yeye."

Daktari alinitazama. Nilimfasiria. Sitamnyima haki yake: aliupokea. Alisimama, akapanua miguu, akaurusha ungo juu kama mtu anayetikisa shuka. Wimbi lilimwagika juu ya viatu vyake, likaingia katika soksi, na kuku wa chifu wakaja mbio kutoka pande zote. Watu walicheka mpaka askari wa gombolola akaegemea bunduki yake.

"Hapana bonyeza saa?" mama aliniuliza. "Mwambie abonyeze. Halafu wewe andika pale: hii nayo hapana fundishika."

Hilo sikulifasiri. Haikuwa lazima. Daktari alikuwa anatoa punje kwenye soksi, na alikuwa anacheka pia, kicheko kile cha adabu cha watu ambao hawajaguswa na kitu.

Katika gari nilimwuliza kama atabadilisha aliyoniandikisha kuhusu yule binti.

"Ile si akili," alisema. "Ni mazoea tu. Amefanyishwa jambo hilo mara nyingi."

"Na wewe kusoma ulijuaje, bwana, kama si kufanyishwa mara nyingi?"

Aligeuka akanitazama kama vile kiti cha gari ndicho kilichosema. Kisha akaanza kunieleza, kwa upole wake, kwamba kazi ya sayansi ni kujua kwanza, na kusaidia kutakuja baada ya kujua. Nikamwuliza lini. Akasema hilo watalifanya wengine. Nilimwuliza kama hao wengine wameshazaliwa. Tulifika Tororo, mwamba mbele yetu na moshi wa kiwanda cha saruji pembeni yake, na kila mmoja wetu amemchoka mwenzake.

Ijumaa ile, baada ya baba kurudi kutoka msikitini, nilimwambia nataka lori linipeleke Paya kesho yake, na nitakwenda na mdogo wangu.

"Kufanya nini?"

"Kuna mwanamke kule anajua kufundisha watoto kama yeye."

"Mganga?"

"Mkulima."

Baba aliweka kikombe chini. "Mwanamke wa shamba, kafiri, atamfundisha mwanangu nini? Na utampitisha mjini mchana, watu wamwone?"

"Watu walishamwona, baba. Kila mtu mtaani anajua kuna nini stoo. Wanaingia hapa, wanakunywa chai yako, wanakutazama ukisema uongo."

Nilidhani atanipiga. Mama, ambaye hakuwa na desturi ya kumpinga, alisimama akaenda kumtoa mtoto stoo, akaanza kumwosha uso mbele yetu. Baba alitazama maji yakimwagika sakafuni, kisha akatoka nje, na tulimsikia akimwambia dereva wake kwamba kesho atapitia Paya.

Yule mama wa Paya alitupokea bila mshangao. Alimkagua mdogo wangu, akamfungua kinywa akatazama ulimi, akamshika viganja. Kisha akaniuliza huyu ni nani wangu. Nilipomwambia, aliniangalia kwa muda, kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe," alisema, "nakaa miezi yote na Muzungu, naandika mtoto ya watu. Nauliza mimi kama nilitaka mtoto yangu. Na hii yako iko ndani ya stoo?"

"Ndiyo, mama."

"Chunga."

Ni dharau ya neno moja. Kwao kuchunga ni kuchekecha unga, na unga ulikuwa umejaa kwenye chekecheo mbele yake, lakini nilielewa maana zote mbili, ya kuchekecha na ya kumtunza mtoto. Nilivua viatu, nikakaa chini, nikachekecha.

Tulikaa kwake siku tisa. Hakuwa na siri. Alifundisha jambo moja tu, na halikubadilika mpaka limeshika: mahali pale pale, chombo kile kile, saa ile ile ya jua, mkono wake juu ya mkono wa mtoto. Kisha mkono wake ukahamia kwenye kifundo, kisha kiwiko, kisha ukaondoka. Binti yake alichukua misimu mitatu ya mavuno kujua kupepeta. "Misimu mitatu," alinikumbusha kila nilipokosa subira. "Wewe nakuja na gari, nataka wiki moja." Mdogo wangu kwa siku tisa alijifunza kunawa mikono bila kumwaga kata ya maji. Basi. Lakini aliporudi nyumbani alikwenda mwenyewe kwenye mtungi, akanawa, akamnyoshea baba viganja vilivyolowa avione, na akatamka lile neno lake. Baba alikuwa na mgeni sebuleni. Mgeni akatazama kikombe chake. Baba akamkausha mtoto mikono kwa kanzu yake mwenyewe, halafu akaendelea na mazungumzo ya bei ya matairi.

Nilirudi kwa daktari, maana mkataba ulikuwa haujaisha, lakini nilikuwa nimenunua daftari langu. Wakati yeye anapima vichwa, mimi niliwauliza mama zao maswali yangu: Unamlishaje? Unamwogeshaje? Ukienda shambani unamwacha wapi? Jambo gani ulilomfundisha, na ulifanyaje? Ndipo nilipojua kwamba tulikuwa tumezunguka miezi yote juu ya hazina tukipima majani yaliyoota juu yake. Mwanamke mmoja wa Paya alikuwa amechimba shimo la kumfika mtoto kifuani pembezoni mwa shamba, akalitandika matambara, na mtoto wake asiyeweza kusimama akasimama humo wima, akimtazama mama akipalilia, mpaka miguu ikapata nguvu. Mwingine, wa Lunyo, aligundua kwamba mtoto anayepaliwa na uji hapaliwi ukiwa mzito na ukitiwa shavuni badala ya katikati ya ulimi. Huko Tiira, mchimba dhahabu mmoja alikuwa amesimika miti miwili mirefu ya kulala, sambamba, kimo cha kiuno, mwanawe ashikilie pande zote mbili ajifunze kutembea. Ndiye mwanamume pekee katika daftari lile zima. Wanaume wengine walikuwa wamekwenda kuoa mke asiyezaa "vitu vya namna hiyo", kama walivyosema.

Na nilichoandika kwa huyu nilimwambia yule. Akina mama wa Lunyo walisikia habari ya shimo la Paya. Akina mama wa Paya walisikia habari ya uji wa Lunyo. Baadaye hawakunihitaji. Walianza kukutana wenyewe siku za gulio, kwa yule mjane, watoto wamelazwa kwenye mikeka, wao wakisimuliana na kucheka na kuwatukana waume zao.

Daktari alipokuwa anafunga masanduku yake, nilimpa lile daftari. Nilikuwa nimelinakili lote kwa Kiingereza, kwa mwandiko wangu bora. Bado nilikuwa na ujinga wa kudhani kwamba mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya watoto hawa atafurahi. Alilifungua, akasoma ukurasa mmoja, akapitisha kidole gumba kwenye nyingine zote.

"Hadithi nzuri sana," alisema. "Unapaswa kuzihifadhi."

Akanirudishia.

Ripoti yake ilifika zahanati baada ya muda mrefu, imechapwa, ina jalada la kijani. Mganga mkuu aliniita niisome. Ilikuwa na jedwali juu ya jedwali. Watoto wetu walikuwa humo, bila majina, kila mmoja na upana wa kichwa chake. Kuhusu mama zao aliandika kwamba wengi hawana habari na hali za watoto wao na hawajaribu lolote ila uganga. Kuhusu mimi aliandika kwamba alisaidiwa na mkalimani wa kienyeji. Niliirudisha mezani na kuuliza kama kuna sindano za kuchemsha.

Baada ya hapo sikuwafanyia tena kazi watafiti, na walikuja wengine, kabla na baada ya bendera kushushwa. Niliolewa Busia, nikazaa watoto wangu, na mama alipofariki nilimchukua mdogo wangu akaishi kwangu. Alijua kukunja nguo, kuchekecha unga wa chapati niliokuwa nauza, kufungua mlango na kumkaribisha mtu kwa mkono wa kulia. Alimjua kila dereva aliyepita na gari lake. Ilichukua miaka, misimu mitatu kwa kila jambo kama nilivyoambiwa. Baba alipozeeka, macho yakamwishia, ni mdogo wangu aliyemshika mkono kumpeleka msikitini na kumngoja nje na bakora yake. Sikumwambia baba lolote kuhusu hilo. Ningemwambia nini? Alikuwa na akili ya kutosha kujua.

Mdogo wangu alikufa kwa kifua, msimu wa mvua ndefu, hajafika miaka arobaini. Yule mjane wa Paya alikuja kwa basi pamoja na binti yake, naye sasa mtu mzima, na kwa kuwa hawakuwa Waislamu walikaa barazani, binti akipembua mchele wa matanga bila kuambiwa na mtu. Sisi tukaingia kuosha maiti. Mwanamke mmoja wa mtaa alinifuata ndani, amejitanda vizuri, machozi tayari. Miaka ile yote hakuwahi kumruhusu mdogo wangu aguse kikombe nyumbani kwake. Alinyosha mkono apokee kata ya maji.

"Nisaidie nami, dada," alisema. "Thawabu hii tusiikose."

Nilimwambia tumetosha, atoke nje, chai italetwa.